Madoa ya Soya ya Shemeji

Mke wa marehemu kaka yangu ndiye mtunza mbegu za soya za kikundi chao cha wakulima huko Lusewa. Msimu uliopita punje zake, ambazo kwa kawaida ni za manjano tupu, zilitoka na madoa ya kahawia. Habari zikaenea kwamba amechanganya mbegu na soya nyeusi ya sokoni, na kikundi kikaitisha kikao cha kumvua kazi hiyo. Nilitoka Matogoro asubuhi kwenda kusikiliza. Nimefundisha baiolojia maisha yangu yote ya kazi, na mwanafunzi aliyeniletea “inasemekana” alirudishwa kwenye hadubini.

“Shikamoo, mwalimu,” mwenyekiti alinisalimu, kisha akafungua gunia. “Tazama mwenyewe. Soya ya shemeji yako imevaa kitenge!”

Watu wakacheka. Shemeji aliinamisha uso.

“Nani aliyemwona akichanganya?”

“Mwalimu, watu wanasema...”

“Sikuuliza wanasema nini.”

Tulikuwa nyumbani kwa shemeji, na kando ya nyumba palikuwa na rundo la soya yake ambayo haijapurwa. Nilimtaka mwenyekiti achague ganda lolote na kulifungua kwa mkono wake. Ndani mlikuwa na punje moja safi na nyingine yenye madoa. Ganda la pili likawa vivyo hivyo.

“Sasa nieleze,” nikamwambia, “aliingizaje mkono humo?”

Akaliweka ganda chini, nami nikawaeleza. Soya hii ya manjano ina jeni za rangi, nazo ni nzima. Jeni hizo hutoa ujumbe wa kutengeneza rangi ya ngozi ya punje, lakini RNA ndogo, vipande vifupi mno vya kemikali ya ndani ya seli, huutambua ujumbe huo, nao hukatwa kabla haujatumika. Umanjano tunaousifu ni rangi iliyozuiwa. Virusi vya soya vikiingia, hutengeneza protini inayodhoofisha kazi ya RNA hizo. Ujumbe hupenya, na rangi hujitokeza pale kizuizi kilipolegea. Majani yaliyokunjamana, ambayo shemeji alikuwa ameyalalamikia tangu shambani, yalikuwa dalili ya virusi hivyo hivyo.

“Kumbe mbegu yangu ni nzima!” shemeji akasema, uso umemng’aa. “Basi tuipande.”

“Hapana. Sageni unga, mle. Virusi hivi hupita ndani ya mbegu hadi kwenye mche mpya.”

“Shemeji, umenisafisha, halafu unaninyang’anya mbegu?”

“Yote mawili ni kweli, na siwezi kukupa moja nikakuficha la pili.”

Alizitazama punje alizozichambua kwa mikono yake. Kisha akalifunga gunia, akamgeukia mwenyekiti.

“Wewe nawe una rundo nyumbani ambalo hujapura?”

“Ninalo, mama.”

“Twende tukafungue maganda, tuone kama yako nayo ina madoa. Mbegu za kikundi bado nazitunza mimi.”

Mwenyekiti akatangulia kuonyesha njia.