Mkono Uliokuwa Kwenye Sahani

Wakati wa vita, kwetu Mulongwe, wasichana wote tulikula kwenye sahani moja. Ukionekana umenyoosha mkono, ulihesabiwa umekula. Ndivyo mdogo wangu alivyokonda mbele yetu na mama akazidi kusema ni malaria. Mchana mmoja niliufuatilia mkono wake: alikata tonge la bugali, akalichovya kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, akalipitisha kwa mtoto aliyeketi kando.

Chuo kikuu nilikosoma kilikuwa kimefungwa, kwa hiyo nilimpeleka mwenyewe kituo cha afya. Daktari mmoja, mwanamke mgeni, alikuwa akifanya utafiti juu ya watu wanaoshindwa kula. Waliokubaliwa kwenye utafiti walitibiwa. Wengine walirudi nyumbani.

"Unaogopa kunenepa?" alimwuliza mdogo wangu.

"Yaya, huyu iko ananicheka?" akaniuliza mimi, dada yake.

"Jibu tu," nikamwambia.

"Minye natamani kunenepa. Nani hapa hatamani?"

Daktari alisikitika. Kwa jibu hilo, alisema, hawezi kuingia.

"Swali hilo lilitungwa wapi?" nikamwuliza daktari.

"Ulaya."

"Huko kila mtu ana sahani yake?"

"Ndiyo."

"Basi njoo kwanza ule kwetu."

Nilisema kwa hasira tu, lakini kesho yake alikuja, akaketi nasi mkekani.

"Kula, docta, usiangalie tu," mama alimtania.

Alikula, macho yake kwenye mkono wa mdogo wangu. Kisha akamwuliza polepole, "Tonge likikaribia mdomo, inakuwaje?"

"Koo inafunga. Tangu siku tulikimbia vita. Naona kama nikimeza nitakufa."

Mama aliacha kula. "Na weye ulinyamaza?"

"Mama, mungesema minye nakataa chakula, na watu wanakufa na njaa."

Wiki hiyohiyo daktari aliliondoa swali la unene kwenye mlango wa utafiti wake, akaweka lile la koo. Mdogo wangu akaingia. Alianzishiwa uji, kijiko kimoja kimoja, kwenye bakuli lake peke yake. Mama alinung'unika: "Kwani iko mugeni hapa?" Lakini aliupika.

Sijui bado kama swali jipya linawafaa wote. Nina shaka nalo pia. Ninachojua ni kwamba asubuhi moja mdogo wangu alimaliza uji, akauliza kama kuna ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Mama akaenda jikoni upesi, nikasikia sufuria ikifunuliwa. Mimi nikajinyoosha mkekani, nikalala usingizi mzito, wa kwanza tangu aanze kukonda, jua likiwa limeshapanda.