Kadi Mbili Kwenye Uzi wa Mkonge

Mchwa ndio walioanza kutuharibia. Nalisema hili mapema, maana watu wa Kibwezi wakisikia habari za ndege yetu hucheka kwanza, halafu huuliza kama mume wangu alikuwa na akili timamu. Alikuwa nazo, tena kunishinda mimi. Alikuwa fundi wa matrekta kwenye shamba la mkonge, na Mzungu aliyemwajiri, siku ya kurudi kwao, alimwachia sanduku refu la mbao. Ndani mlikuwa na vipande vya ndege ya mtu mmoja, ya kujiundia mwenyewe, pamoja na kitabu cha kueleza kipi kinaanza na kipi kinafuata.

Sasa sikia ujinga wetu. Sisi tunaoinua hata gunia la pojo juu ya mawe, sanduku la ndege tuliliweka juu ya udongo mtupu. Mvua zilipoisha na tukalifungua, mbao zilizopakwa dawa na vyuma vilikuwa vizima, picha za kitabu zilikuwepo, lakini kurasa za mpangilio zilikuwa zimeliwa zote.

Basi tukajipangia wenyewe. Alikata kadi kutoka maboksi ya sabuni, akaandika kazi moja kwenye kila kadi: mkia, magurudumu, mbavu za mabawa, kebo, kitambaa. Akafunga uzi wa mkonge ukutani kwenye ghala letu, kimo cha kiuno, kwa sababu alipenda kufikiri akiwa ameketi. Kisha akanyakua vibanio vyangu vya nguo, akazitundika kadi kwenye uzi ule ili ziweze kuhamishwa.

Mimi nilikuwa fundi wa nguo sokoni, na mambo ya ndege niliyaona upuuzi. Lakini jioni moja nilipita na ndoo, nikaona kadi ya kitambaa imetangulia ya kebo.

"Mzee, kebo ni za nini?" nikamuuliza.

"Ni waya. Zinapita ndani ya bawa, zinavuta hivi vibao vya nyuma, ndio ndege igeuke."

"Sasa wewe unafunga bitana kabla ya kushona mfuko? Mkono utaingilia wapi?"

Alitazama uzi, akanitazama mimi, akacheka mpaka akashika ukuta. "Ngai! Kumbe nimeoa injinia na sijui!"

Siku hiyo aliweka sharti: hakuna kadi kuhamishwa mpaka sisi wawili tukubaliane. Tulibishana juu ya magurudumu wiki nzima, mpaka ugali ukaungua. Sijawahi kufurahia ndoa yangu kama miaka ile mitatu, na watoto wetu wakirudi kutoka shule za bweni walitushangaa, wazee wawili tunaogombania vipande vya boksi.

Halafu miguu yake ikaanza kuvimba. Hospitalini walisema ni figo. Wakati huo tulikuwa tumefika kwenye kebo, na kebo zilikuwa bado zimeviringwa kwenye kona, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyejua kuzikata na kuzifunga ncha. Alilazwa mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu daktari aliniita kando akaniambia nijiandae kumpeleka nyumbani.

Nilipomsogelea kitandani hakuuliza daktari amesema nini. Aliniambia, "Mama, mimi nilitaka tu kukaa ndani yake ikiwa na mabawa. Hata isiporuka. Mara moja tu."

Nilirudi nyumbani nikiwa na siku tano kabla ya yeye kuletwa. Nilisimama mbele ya ule uzi, nikaiona kadi ya kebo, nikaiona ya kitambaa inayoifuata. Nikairuka ya kebo. Nilifunga duka langu, nikavisha mabawa kitambaa, nikakishonea kwenye mbavu moja baada ya nyingine kwa uzi wa nta hadi vidole vikatoka damu. Wanaume wanne wa kwaya ya kanisa letu wakaja kuyainua, tukayafunga. Mimi niliyemfundisha habari ya bitana na mfuko, nilifunga bitana nikijua mfuko haumo.

Alipoletwa, wale wanaume walimbeba wakamketisha ndani. Alipitisha kiganja juu ya bawa taratibu.

"Na kebo?" akauliza.

"Zilipita," nikasema. "Tulipata fundi."

Akashika kijiti cha kuendeshea, akakilaza kushoto, kisha kulia. Vile vibao vya nyuma havikutikisika. Mimi nikajifanya natafuta sindano iliyoanguka. Nilipoinua uso alikuwa ameweka mikono magotini, akitazama mbele kupitia mlango wa ghala.

"Umeshona vizuri," akasema. Basi.

Aliomba ateremshwe, awekwe kwenye kiti chake karibu na ukuta, na tumwache kidogo. Nilidhani anaomba Mungu. Nilingoja nje nikijitungia maneno ya kumwomba msamaha, na alipoita nikayameza yote, nikamwuliza kama atakunywa uji. Nikajiambia nitamweleza akipata nguvu. Alifariki Jumapili hiyo, watu wakiwa kanisani.

Baada ya mazishi, wageni walipokwisha kuondoka, niliingia ghalani kuchukua vibanio, kwa sababu nguo za matanga zilikuwa zimefuliwa na hazikuwa na cha kuzishika. Nilianza upande wa mkia. Nilipofika katikati ya uzi mkono ukasimama. Kitambaa kilikuwa mbele. Kebo zilikuwa nyuma yake.

Sikuwa nimezigusa kadi zile. Mtu ambaye hangesogeza hata gurudumu bila kuniita alikuwa amezibadilisha peke yake, akiwa ameketi pale na ile miguu yake iliyovimba, ili nilichokosea kiwe ndio mpango. Ningalitaka anigombeze. Wallahi ningalitaka anitukane mbele ya kwaya nzima, kuliko hivyo.

Nilizitoa zote mbili nizirudishe zilivyokuwa, kebo kwanza, kama inavyotakiwa. Nikakumbuka sharti. Nikazitundika tena vile alivyoziacha, nikaenda kuanika nguo juu ya ua.