Kipa Aliyekoroma Golini

Mpira nimeuangalia miaka mingi, lakini kipa kukoroma golini mechi ikiendelea, hiyo nimeiona Nyabiyonza tu.

Na aliyepigania apangwe ni mimi.

Iko hivi.

Mimi ni shabiki wa Mgomba FC, timu ya hapa kijijini. Cheo sina, nina mdomo. Kahawa imenitupa, bodaboda imenitupa, raha iliyobaki ni kukaa pembeni ya uwanja nitanie watu.

Msimu umeanza Novemba, kocha Projestus akatuletea maajabu. Cleophace, kipa wetu tegemeo, mrefu kama nguzo ya umeme, kamweka benchi. Golini kamsimamisha Yustus, mfupi hadi nikambatiza Kigoda.

Mechi mbili, sare mbili.

Nikamfuata kocha mazoezini, mashabiki nyuma yangu. "Shikamoo kocha. Hicho kigoda tutakikalia mpaka lini?"

Projestus hana haraka. Akasema Cleophace siku hizi hayuko sawa, tumwache kwanza.

"Mpange Jumapili tukicheza na Kanoni. Zikiingia mbili, jezi nafua mimi mpaka ligi iishe."

Akaniangalia weee. "Sawa, mzee wa kupanga kikosi. Mashahidi mmesikia."

Jumapili nikatoka nyumbani nimeshiba. Mke wangu Noela alinikaangia senene, wale panzi wetu watamu wa msimu wa mvua, bakuli zima, wa kwanza kwangu mwaka huu. Huku kwetu mke akikuletea senene, nawe unamvisha. Nikamwahidi kitenge.

Mpira ukaanza, muda wote unachezwa upande wao. Cleophace kaegemea nguzo ya goli. Nikawaambia wenzangu, oneni utulivu huo.

Utulivu gani.

Kanoni wakachomoka. Straika wao akafika peke yake, akasita. Kipa kafumba macho, mdomo wazi, anakoroma. Jamaa akausukuma mpira taratibu, kama anaogopa kumwamsha.

La pili lilimkuta ndiyo kwanza anapiga miayo.

Kocha akamtoa, akamwingiza Kigoda. Siku hiyo Kigoda aliruka jamani, hadi penalti akapangua. Tukarudisha yote mawili. Nilishangilia kwa sauti ndogo, nawaza sabuni.

Filimbi ya mwisho, nikamvaa Cleophace. "Ndugu yangu, usiku ulikuwa wapi?"

Akafikicha macho, mekundu kama kahawa iliyoiva mtini. "Mlimani, kwenye mitego ya senene. Zile taa na mabati ya kuwanasia huwezi kuviacha usiku bila mtu. Kocha anajua, ndiyo maana aliniweka nje."

"Leo si ungepumzika?"

"Nilitaka, kaka. Ila jana shemeji Noela aliniomba nisikose kumtegea senene wa kwako. Alisema msimu huu bado hujawaonja."

Kumbe lile bakuli nilikuwa nakula usingizi wa kipa wangu.

Na kitenge sasa sijui nimpe Noela au nimpe Cleophace.

Mvua hazikatiki, udongo wetu mwekundu mnaujua. Kila Jumatatu niko kwenye beseni. Jezi ya Kigoda ndiyo chafu kuliko zote, anajirusha hata mpira ukipita kwa jirani. Projestus akipita hunisalimia kwa heshima zote: "Mzee wa kupanga kikosi, Jumapili aanze nani?"

Namwambia kocha ni yeye, mimi nasuuza.

Wenzangu wa pembeni ya uwanja, sisi mchezaji tunamwona dakika tisini tu. Kabla hujampangia mtu kazi, muulize kwanza kama amelala.

Na kama hakulala, angalia vizuri sahani yako.