Radi kwa Gramu

Melania alikuwa na kipaji kimoja ambacho hakuna shule inayokitolea cheti: alijua kila mtu pale Masumbwe anakunywa nini, na kwa nini. Ingia baa ya Bwana Masele, kaa, usiseme neno. Kabla hujamaliza kujifuta jasho, chupa yako iko mezani, na imefunguliwa mbele ya macho yako. Kama wewe ni mtu wa baridi, ni ya baridi. Kama una jino bovu unalowaficha watu, ni ya moto, na Melania hataulizwa alijuaje.

Alimaliza darasa la saba kwao Ushirombo, akaolewa na kijana wa machimbo ambaye wiki tatu yuko shimoni na wiki moja yuko nyumbani, akapata mtoto wa kike, Mageni. Mtoto huyo alizaliwa na kilo mbili na pointi mbili. Melania alikuwa akiutaja uzito huo polepole, kama mtu anayetaja jina la marehemu. Sasa Mageni ana miezi saba na kilo saba na nusu, na kila pointi iliyoongezeka imetoka kifuani kwa mama yake. Ndiyo maana hakuitaka kazi nyingine. Baa zote za mjini zilitaka mhudumu asiye na mtoto. Ya Masele peke yake ilikuwa imeegemeana ukuta na kibanda cha Mwanaima, mwuza vitumbua, aliyekubali kumshika Mageni mchana. Mtoto akililia ziwa, Mwanaima alipaza sauti juu ya ukuta:

"Mama Mageni! Mteja wako mkubwa anagonga meza!"

Melania anafuta mikono, anakwenda, ananyonyesha, anarudi. Bwana Masele alinuna, ila hakumzuia.

Huyu Masele zamani alikuwa broka wa dhahabu. Biashara ilimchosha akafungua baa, lakini mizani yake ndogo hakuiacha. Aliitembeza kwenye mfuko wa shati kama wenzake wanavyotembeza kalamu. Pombe yenyewe hakuwa anainywa. Alikuwa na vidonda vya tumbo, na kutwa nzima alikaa nyuma ya kaunta na glasi ya maziwa, akiwasifia watu bia ambazo hajui ladha yake.

Basi siku moja akaenda Mwanza, akarudi na boksi moja amelipakata kama bibi harusi. Ndani mlikuwa na chupa kumi na mbili nyeusi, fupi, kila moja imevaa kofia ngumu ya njano, ndogo, kama ya mchimbaji, yenye kitaa kinachowaka ukikibonyeza. Jina la bia hiyo ni Radi.

"Bia unazouza kila siku zina nguvu asilimia ngapi?" Masele aliuliza.

"Tano, bosi."

"Hii arobaini na moja. Soma hapo."

Melania akasoma. Ilikuwa kweli imeandikwa. Chini yake palichorwa fuvu la kichwa, nalo limevaa kofia.

"Bosi, hii si bia tena. Hii ni ya kuoshea vidonda."

"Wewe kazi yako kuuza."

Siku tatu zilizofuata, Melania aliona mambo. Chupa za Radi zilifungiwa kwenye sefu ya zamani ya dhahabu, ndani ya stoo, na mlango wa stoo ukavikwa pazia jekundu. Bajaji ikakodiwa kuzunguka mji na spika: "Radi imeingia Masumbwe! Usije peke yako! Njoo na wa kukurudisha!" Melania mwenyewe akapewa fulana ya kung'aa na kofia ngumu ya kweli, iliyokuwa ikimshukia puani kila alipoinama kufuta meza. Na juu ya kaunta, mahali pa bakuli la vijiti vya meno, ikawekwa ile mizani.

Maana Radi haikuuzwa kwa chupa. Iliuzwa kwa gramu. Gramu kumi, shilingi elfu tano.

"Mwadila, bhabha," Mzee Eliya alimsalimu Masele kwa Kisukuma siku ya kwanza, akaitazama mizani ile kwa muda mrefu. Eliya alipima pamba miaka thelathini na hakuna mzani duniani aliouamini, ukiwemo aliokuwa akiutumia yeye. "Chupa ina gramu ngapi?"

"Mia tatu na thelathini, mzee wangu."

Eliya akafumba jicho moja. "Laki moja na elfu sitini na tano. Kwa chupa ya kujaa kiganja. Masele, hiyo pombe ukishakunywa unarudishiwa?"

Watu wakacheka. Wakaja wengi kuitazama Radi, wakabonyeza vitaa, wakapiga picha na kofia. Hakuna aliyenunua hata gramu moja.

"Kizuri chajiuza," Mwanaima alisema kutoka ng'ambo ya ukuta, akigeuza vitumbua. "Hicho mpaka kimevalishwa kofia!"

Jumapili mchana ndipo akaja Valerian. Huyu alikuwa na duara lake, shimo la kuchimba dhahabu, na wiki ile duara lilikuwa limetema mali. Alikuja na vijana wake sita, wote wamenyoa upya, wote wana viatu vinavyowabana. Akakaa meza ya katikati ili aonekane na pande zote.

"Mama Mageni!"

"Abee, kaka Valerian." Na chupa yake ya kila siku tayari ilikuwa mkononi.

"Hiyo rudisha. Leo nataka Radi. Gramu ishirini kila kijana, mimi nipimie hamsini."

Bwana Masele alisimama haraka mpaka maziwa yakamwagika. Akapuliza filimbi (kumbe kulikuwa na filimbi pia, ila haikuwa imepata siku yake), akaingia nyuma ya pazia jekundu. Ikasikika sefu ikifunguka, kisha kizibo, pwaa! Akatoka ameishika chupa kwa mikono miwili, imeshafunguliwa, kofia yake inawaka. Akamimina gramu ishirini za kwanza juu ya mizani, kwenye kikombe kidogo, ulimi nje, kama siku zile za dhahabu. Ilikuwa nyeusi na nzito. Harufu ilifika mpaka kwa Melania, ikamtoa machozi jicho la kushoto.

Valerian akanyoosha mkono. Mzee Eliya, kwenye kona yake, akakohoa.

"Kijana, nani ameionja?"

"Kuonja nini, mzee? Hii bia ya chupa."

"Bia ya chupa ninafunguliwa naiona. Hii imefunguliwa gizani, nyuma ya nguo nyekundu, ikaja wazi, ikapimwa kwa kikombe. Pombe ya kupimwa sheria yake ni moja, iwe wanzuki, iwe komoni, iwe hiyo radi yenu. Mwenye pombe anaonja kwanza, watu wamwone, ndipo wanywe. Mama yako hakukufundisha?"

Mkono wa Valerian ukarudi wenyewe. Vijana wake sita wakatazamana. Watu wa shimoni hawachezi na mambo ya sumu. Mtu aliyepata juzi anajua wako wangapi wasiolala kwa kumwonea wivu.

"Kweli," Valerian akasema. "Ionjwe."

Bwana Masele akacheka kicheko chembamba. "Ionjwe tu? Mama Mageni, njoo onja."

Melania alihisi joto limempanda masikioni, chini ya ile kofia. Akaja mpaka kaunta, akanong'ona:

"Bosi, ninanyonyesha."

"Gramu moja tu."

"Hata moja. Mtoto wangu atanyonya nini?"

"Atalala vizuri!" akadakia mmoja wa wale vijana. Valerian akamkanyaga kiatu, na kwa jinsi kilivyombana, akalia kweli.

"Mama Mageni," Masele alisema kwa sauti ya chini, huku meno yakiendelea kuwachekea wateja, "watu wanangoja. Gramu mia moja na sabini zinangoja. Onja, ama vua hiyo fulana uende."

Melania aliitazama mizani. Kitarakimu chekundu kilikuwa kikichezacheza, ishirini, kumi na tisa na pointi tisa, ishirini. Akawaza kilo mbili na pointi mbili. Akawaza kodi ya chumba, na baa zote asizoweza kufanyia kazi, na ukuta huu mfupi ambao haupo kwingine popote. Halafu, kama vile ameyasikia mawazo ya mama yake, Mageni akaanza kulia ng'ambo.

Akaivua fulana, akaikunja vizuri. Akaivua kofia, akaiweka juu yake.

"Asante kwa kazi, bosi," akasema. "Dada Mwanaima, nipitishie mtoto."

Mageni akapitishwa juu ya ukuta, ana unga wa vitumbua shavuni. Melania akakaa kwenye kreti tupu mlangoni, akajifunika kanga, akamnyonyesha. Alikuwa akilia kidogo. Mtoto hakujali, alishika kazi.

"Haya, Masele," akasema Mzee Eliya. "Mwonjaji ameacha kazi. Mwenye pombe umebaki wewe."

"Mzee wangu, mimi tumbo langu unalijua."

"Nalijua. Na mimi langu nalijua."

Valerian akaanza kuzirudisha noti mfukoni, moja moja, polepole, kila moja Masele akiisindikiza kwa macho. Ilipofika ya nne hakuvumilia. Akakinyakua kikombe, akafumba macho, akazibugia gramu zote ishirini.

Hakuna kilichotokea. Masele akafumbua jicho moja, kisha la pili. Akatabasamu.

"Mnaona? Kama maziwa!" Akajimiminia nyingine bila hata kuangalia mizani. "Tamu! Kumbe tamu!" Akajimiminia ya tatu, akapuliza filimbi, akaivaa kofia ya Melania, akakaa chini. Alidhani kuna kiti.

"Msininyanyue," akasema kutoka sakafuni. "Pako vizuri hapa. Valerian, mwanangu, wewe mtu mzuri. Nitakuambia siri. Unajua Mwanza hii chupa nimeinunua shilingi ngapi?"

"Bosi, nyamaza," Melania alisema kutoka mlangoni. Mazoea ya kazi.

"Elfu ishirini na mbili! Kumi na mbili nimelipia kumi, mbili nimepewa za bure! Yule mama alisema kwake haziendi, zinamjazia stoo!" Akaanza kulia. "Na vitaa vinazimika baada ya wiki..."

Baa ilipasuka. Mzee Eliya alicheka mpaka akashikilia meza. Valerian alizitazama noti zake kama watoto walionusurika kugongwa na lori, akazibusu, akazitia mfukoni.

"Mama Mageni!" akaita, akipangusa macho. "Tuletee zetu za kila siku. Saba. Watu tumekauka!"

"Mimi nimefukuzwa kazi, kaka Valerian."

Kofia ikanyanyuka sakafuni.

"Nani kamfukuza Mama Mageni?" Masele alinguruma. "Nani? Mleteni hapa nimfukuze yeye!"

"Ni wewe, bhabha," akasema Eliya.

Masele akatafakari jambo hilo kwa uchungu mkubwa.

"Basi nimejifukuza," akasema. "Mama Mageni, baa yako. Funguo hizo. Na mtu yeyote akikwambia uonje, niite." Akajilaza ubavu, mizani kifuani, akaanza kukoroma.

Vijana wawili wakambeba kumpeleka stoo, nyuma ya pazia jekundu. Waliobaki wakageuka kumtazama Melania. Friji lilikuwa limejaa, funguo ziko kaunta, kiu iko palepale, na hakuna aliyethubutu kuzigusa.

"Tuhudumie basi, dada," mmoja akabembeleza.

Melania akafuta machozi kwa pindo la kanga. Sasa alikuwa akicheka, kwa tumbo tu, ili asimshtue mtoto.

"Ngojeni. Ananyonya."

"Atamaliza saa ngapi?"

"Muulizeni mwenyewe."

Wakangoja, wanaume ishirini na kitu, katika jua la Jumapili. Baada ya muda Mageni aliachia ziwa, akawatazama wote, akacheua. Valerian akainuka nusu, mkono tayari umenyooka.

"Keti," Mzee Eliya akamwambia. "Bado la pili."

Mageni akahamia la pili.