Harusi ya Ukutani

Kaka yetu mkubwa alikuja Sumbawanga na projekta akiamini ametuletea zawadi. Hakuja kutudhihaki, hilo nalijua. Aliamini kabisa kwamba anatutendea wema, na ndilo linaloniuma kuliko yote.

Harusi yenyewe ilikuwa ya dada yangu, yule anayenifuata kuzaliwa. Aliolewa Dar es Salaam, miaka ile biashara zilipofunguliwa na kila aliyekuwa na mbio akakimbilia huko. Kaka alikuwa amepata kazi kwenye kampuni ya mtu binafsi ya kutoa mizigo bandarini, na dada akaajiriwa katika benki mojawapo ya zile mpya. Mimi nilibaki nyumbani Kizwite na mama, nafundisha shule ya msingi.

Baba alifariki dada akiwa hajaanza shule, na haukupita muda mrefu mama akaugua ugonjwa wa kulala kitandani, akachukua miaka kupona. Ndipo shangazi yetu, dada yake baba, alipokuja kutoka kijijini kwake Mollo, akamfunga dada mgongoni ingawa alishakuwa mkubwa wa kutembea, akaondoka naye. Alimlea huko. Alimfundisha kulima, kusonga ugali wa ulezi na kusema ukweli, akamsomesha kwa kuuza maharage mpaka alipofaulu kwenda sekondari. Kwa hiyo posa ilipokuja, hakuna aliyejiuliza nani atakaa kwenye kiti cha shangazi. Yeye mwenyewe alikwenda kwa fundi akashona gauni la kitenge, njano na bluu, akanunua na viatu.

Kisha kaka akapiga simu shuleni kwangu. Kamati imekaa, akasema. Ukumbi una viti vyake, watu wanaingia kwa kadi, na upande wetu imepatikana nafasi ya mama tu.

"Na shangazi?" nikamuuliza.

"Mwambie asijali. Kila kitu kinapigwa mkanda. Nitakuja mwenyewe niwaonyeshe wote, tena si kwenye kitelevisheni. Ukuta mzima!"

Nikatumwa mimi kupeleka maneno hayo Mollo. Nilimkuta shangazi anapembua maharage. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kutikisa ungo, halafu akauliza, "Ukumbi umejaa watu gani?"

Nilirudi mjini nikiwa nimefura kwa hasira, na hasira yenyewe sikuwa na wa kumtupia.

Mama alikwenda, akarudi. Nilimpokea stendi na maswali yangu yote, naye akanijibu, "Ilikuwa nzuri," akasema amechoka na safari, akalala. Siku zilizofuata nikimuuliza alipata kazi ya kufanya jikoni. Nilidhani ni uchovu wa basi.

Mvua zilipoisha kaka akaja na pikapu ya kampuni, na projekta ya ofisini kwao imefungwa kwenye begi jeusi kama mtoto mchanga. Alikuwa ametoa taarifa mapema, kwa hiyo Jumamosi hiyo ndugu walikwishajaa uani. Waliotoka Muze, kule bondeni, walipanda kwa lori la mizigo na magunia yao ya mchele, na dereva aliwaambia wazi kwamba lazima ateremke kabla jua halijazama, kwani ile barabara ya mteremko si ya kuchezea gizani. Mkanda, basi, ulipaswa kuonyeshwa mchana.

Na sebule yetu haijui giza. Baba aliijenga na madirisha makubwa matatu upande mmoja, kwa kuwa mama alikulia kwenye nyumba ya moshi na kitundu cha kuchungulia, akaapa hatalea watoto kwenye pango. Jua la Ufipa mvua zikiisha halikuchomi sana, ila linamulika mpaka unaona vumbi lililoko uvunguni. Isitoshe, mama alikuwa amepaka kuta chokaa nyeupe kwa ajili ya wageni. Alipaka mwenyewe, amepanda juu ya stuli, na mimi nikamshikia ndoo.

Kaka alisimama mlangoni na suti yake, akatazama.

"Nani kapaka nyeupe?" akasema. "Mwanga wote unaruka huku na huku! Mama, si ungeniuliza?"

Mama akainamisha kichwa kama mwanafunzi aliyekosa hesabu. Amekaribisha wageni kwa mikono yake, halafu anagombezwa ndani ya nyumba yake kwa sababu ya mashine ya kuazima!

"Chokaa haikukosa kitu," nikasema. "Sema unataka nini tufanye."

Alitaka shuka. Tukatoa shuka jeupe la mama, nikalipiga pasi ya mkaa, tukalipigilia misumari kwenye ukuta unaotazamana na madirisha. Projekta ikawekwa juu ya kabati upande wa pili. Kaka akaunganisha nyaya na deki, akawasha. Feni ya mashine ikavuma kama mashine ya kusaga, na kwenye shuka kukatokea kitu mfano wa maji yaliyodondoshewa tone la maziwa. Hakuna aliyeona mtu wala mti.

"Fungeni mapazia," kaka akaamuru.

Mapazia yalikuwa mepesi, ya maua. Tukayafunga na hakuna kilichobadilika. Akasema tulete mablanketi, na kwa baridi ya kwetu hakuna nyumba inayokosa mablanketi mazito. Wajomba wa Muze, watu wazima waliosafiri juu ya magunia, wakapanda viti wakiwa wamebana misumari midomoni. Kaka alikuwa katikati ya chumba, simu ya mkononi sikioni, anaelekeza kwa kidole. Hakushika nyundo hata mara moja.

Mablanketi yakapunguza mwanga, lakini pembeni ulipenya, na pale juu ambapo dari haikukutana vizuri na ukuta jua liliingia kama visu. Tukaziba kwa makoti ya mitumba na turubai langu la kuanikia mahindi. Bado picha ilikuwa imepauka. Nikamwambia kaka, "Shuka limetazama madirisha. Kila kinachopenya kinalipiga usoni. Tulihamishie upande wa madirisha, juu ya hayo mablanketi, mwanga ubaki nyuma yake. Halafu uisogeze mashine karibu, picha iwe ndogo lakini ikolee."

"Nimewaahidi ukuta mzima," akasema.

"Umewaahidi harusi."

Alinitazama vibaya, lakini muda wa lori la Muze ulikuwa unambana na yeye. Tukahamisha. Picha ikawa ya upana wa mlango wa mbele, na kweli ikakolea: tukaona rangi, tukaona meza kuu, tukamwona dada ndani ya shela. Watu wakapiga vigelegele. Upepo ulikuwa unapenya nyuma ya blanketi na kulipuliza shuka, shavu la bwana harusi likawa linavimba na kunywea, na watoto wakacheka mpaka wakafukuzwa.

Shangazi alikuwa ameketi mbele kabisa. Alikuja na lile gauni la njano na bluu, na viatu. Asubuhi nilipomwamkia, "Shikamoo shangazi," aliitikia marahaba, akajitazama kidogo akasema, "Si nimekuja harusini?" Mikono aliilaza mapajani muda wote, na kila dada alipotokea alisema kwa Kifipa, taratibu, kwamba mtoto amekonda.

Tukaona kanisani, tukaona keki. Kisha mshereheshaji, kijana mwenye sauti ya redio, akasema, "Sasa ndugu zangu, kuna mtu mmoja ambaye bila yeye tusingekuwa hapa leo! Baba alipotangulia, huyu ndiye aliyembeba binti yetu mgongoni. Naomba shangazi wa bibi harusi asimame, tumwone!"

Shangazi wangu, pale sebuleni, akainua kichwa.

Kwenye shuka akasimama mwanamke mnene mwenye kilemba cha dhahabu. Alipunga mkono. Ukumbi ukalipuka kwa vifijo. Akatembea kwa madaha mpaka mbele, dada akapiga magoti, mwanamke akamfunika khanga mabegani na kumbusu, na yeye akavishwa kitenge cha wax akakabidhiwa boksi lililofungwa utepe. Alifuta machozi. Naapa alifuta machozi, kwa kitambaa cha kukunjwa.

Sebuleni ilisikika feni tu.

"Yule," shangazi akasema, "ndiye mimi?"

Kaka akaruka kwenda kwenye deki.

"Usizime!" shangazi akasema, na sauti ile sikuwahi kuisikia kwake. "Rudisha nyuma. Nataka nione nimetunzwa nini."

Ikabidi arudishe. Tukamtazama tena mwanamke yule akisimama, akipunga, akilia. Shangazi alikuwa amesogeza uso mbele kama mtu anayesoma maandishi madogo. Ilipokwisha akasema, "Fungueni madirisha. Nimeona."

Nilikuwa wa kwanza kuling'oa blanketi. Nililivuta kwa nguvu misumari ikaruka, jua likaingia lote kwa mara moja, na kila mtu akaonekana alivyo. Mama alikuwa analia kimyakimya karibu na mlango wa jikoni. Hapo nikaelewa alichokuwa anakimbia siku zote zile.

"Mama, ulikuwepo," nikasema. "Ulikaa ukatazama."

"Ningesemaje, mwanangu? Mbele za watu wote wale?"

"Huyo ni nani?" mjomba mmoja wa Muze akamuuliza kaka.

Kaka akavua miwani, akaifuta. "Ni mke wa mkurugenzi wangu. Wamenisaidia sana wale. Kamati iliona kiti cha shangazi hakiwezi kubaki wazi, ingekuwa aibu. Ni heshima tu, ndugu zangu. Mambo ya mjini."

"Kiti kilikuwa wazi?" shangazi akauliza. "Si uliniambia ukumbi umejaa?"

Alichosema kaka, baada ya kuhangaika na waya, ni kwamba kama sehemu ile inatuudhi anaweza kuipeleka studio ikakatwa, tukaletewa mkanda mzuri usiokuwa nayo.

"Usikate," shangazi akasema. "Acha watu waone."

Kuku wawili walikwishapikwa, na mchele wa Muze ulikuwa tayari unanukia. Shangazi hakugusa chakula. Alisimama, akawaaga wageni mmoja mmoja kwa adabu zote, akafika kwa kaka akampa mkono na yeye, jambo ambalo mimi nisingeliweza. Nilimsindikiza kwa miguu. Njia nzima nilikuwa nabwata, namwita kaka kila jina, mpaka akaniambia, "Mwalimu, nyamaza. Unanimalizia hasira yangu." Mbele kidogo akasema, "Aliitwa aliyembeba mgongoni, na yule mama akasimama. Hivi hata mgongo wake haukumsuta?"

Niliporudi projekta ilikuwa imeshaingia kwenye begi. Kaka aliondoka alfajiri ya kesho yake.

Dada nilimpigia kutoka kwenye kibanda cha simu, sikumpa hata nafasi ya salamu. Nilipomaliza kumweleza akasema, "Kaka aliniambia shangazi anaumwa miguu. Aliniambia amemtuma yule mama amwakilishe, na kwamba ametoa baraka zake." Akaanza kulia. Nami nikakasirika upya, kwa sababu uwongo ule ulikuwa rahisi mno, na wote tulikuwa tumeubeba kila mmoja kipande chake, pasipo hata mmoja kuulizana na mwenzake.

Dada alikuja miezi ya baridi, peke yake, kwa basi. Tulikwenda naye Mollo. Shangazi alitoka mlangoni, akamtazama anavyopiga magoti kwenye vumbi na koti lake la mjini.

"Nilikuona ukitabasamu," shangazi akamwambia.

"Nilidhani umemtuma, shangazi."

"Ningemtuma mtu anitolee machozi?" Akamshika mkono akamwinua. "Ingia. Yule hakukufundisha chochote, au alikufundisha?"

Waliingia ndani, mlango ukafungwa, na kwa kuwa mimi sikuwa nimeolewa niliachwa nje na kuku mpaka jua lilipogeuka. Dada alipotoka macho yalikuwa mekundu na alikuwa anacheka. Hakuniambia walichozungumza. Alikuwa amejifunga khanga kuukuu ya shangazi, na hakuivua hata kwenye basi.

Kaka alinipigia shuleni wiki ile ile dada alipofika Dar es Salaam. Dada alikuwa amemweleza yaliyo moyoni mwake, na yeye akaona mchochezi ni mimi.

"Umeivuruga familia," akaniambia. "Nimebeba mashine ile kutoka huku mpaka huko, ingevunjika ningelipa mimi. Nani kati yenu alisema hata asante?"

Nilikuwa na mengi ya kumjibu, mengine nimeyakumbuka miaka baadaye nikiosha vyombo. Siku ile nilimwambia tu aende Mollo akadai asante hiyo mwenyewe. Akasema mimi sina adabu. Nikamkubalia, nikakata simu.