Mabonde ya Aspirini

Mzee aliyenifundisha kazi ya labo, maabara ya kupima dawa, huko Bukavu nilimkuta tena Malawi, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kwenye foleni ya maji, miaka mingi baada ya kupotezana. Nilimjua kwa sauti. Yeye hakuniona hata nilipomshika mkono, kwa maana mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Nilipomtajia jina langu aliuliza, "Njo we ulivunja kile kioo cha chumvi?"

Nilikuwa mimi. Wakati ule nilikuwa msaidizi mpya, na yeye alikuwa chefu, mkuu wa labo. Mashine yetu ya infraredi, iliyopima dawa kwa mwanga usioonekana kwa macho, ilikuwa kubwa kama meza ya kulia, na ilichora kwa kalamu juu ya karatasi ndefu iliyosogea polepole. Dawa ya kupimwa tuliisaga pamoja na chumvi nyeupe, tukaikandamiza hadi ikawa kisahani chembamba cha kupitisha mwanga, ndicho kioo cha chumvi. Pumzi tu iliweza kukiharibu, kwa kuwa chumvi ile hunywa unyevu, na Bukavu unyevu hauishi. Nilijifunza kugeuza uso kabla ya kupumua. Mpaka leo nikitunga uzi kwenye sindano nageuza uso vilevile.

Siku moja nilimuuliza kwa nini kalamu inashuka mahali hapa na si pale. Alichukua resori, springi ya kitanda, akanipa ncha moja na yeye akashika nyingine.

"Atomi haikai kimya," alisema. "Mi na we tuko atomi mbili. Tunavuta, tunarudisha. Resori nguvu inacheza mbio, resori legevu inacheza polepole. Mwanga ukikuja na mwendo sawa na yetu, tunaumeza. Pale njo kalamu inashuka."

Ndiyo maana kila dawa ilichora mabonde yake, na yeye aliyajua kama mtu anavyojua nyuso za majirani.

Dzaleka mimi nashona. Mteja wangu mmoja, mama Mmalawi wa mtaa wa Area 25, anafanya kazi mahali wanapopima dawa hapo Lilongwe. Nilikuwa nampima kiuno alipolalamika kwamba amesimama na sampuli tangu asubuhi. Nikamuuliza kama wanatumia infraredi. Aligeuka, akaniangalia na futi yangu shingoni. Nilimweleza habari za mzee.

"Mlete," alisema.

Tulienda siku ambayo mzee alikuwa na miadi ya macho mjini. Hospitali walimpima, wakampa tarehe ya kurudi kupasuliwa. Kutoka hapo tukapanda basi dogo hadi kazini kwa yule mama. Mzee alikuwa amevaa koti lake la ibada.

Alipapasa mashine, akaizunguka kwa mikono mara moja, ikaisha.

"Ingine iko wapi?"

"Njo yote hii, papa," nilimwambia.

Haikuwa kubwa kuliko cherehani yangu. Hapakuwa na chumvi wala kusaga. Mama yule aliweka unga kidogo juu ya kijiwe cha almasi, akaukandamiza, na kabla sijavuta kiti mstari ulikuwa umeshatokea kwenye skrini. Mzee hakupenda haraka ile, nilimwona. Lakini alisogea.

"Soma," aliniambia. "Anza na kushoto."

"Kushoto bonde pana, linatambaa, halina umbo."

"Asidi. Endelea."

"Halafu pametulia. Halafu bonde refu, kali."

"Iko moja ao mbili?"

Niliinama. "Mbili, papa. Zinakaribiana."

Alitabasamu, akaelekeza uso kwa yule mama. "Aspirini," alisema.

Mama yule aligeuza chupa ya ule unga tusome karatasi yake. Ilikuwa aspirini. Akapiga goti kidogo, kama wanavyofanya wenyeji kwa wazee, akasema, "Zikomo, abambo," yaani asante, baba. Mzee aliomba kiti. Alipokaa, alisema kwa sauti ya chini, "Nilizani byote bilishaenda."

Alipasuliwa jicho la kulia majira ya mvua yalipokwisha. Sasa anasoma Biblia mwenyewe, na akipita kwangu anakosoa mishono.

Juzi tulipata habari ya labo yetu ya Bukavu kutoka kwa watu waliofika kambini karibuni. Walisema chumba kile kimekuwa stoo, na mashine hakuna anayejua iliko. Nilidhani atahuzunika. Aliuliza tu kama madirisha yanayotazama ziwa bado yapo, na wao hawakujua. Basi siku hizi, jioni nikishafunga kazi, tunakaa mlangoni kwake na kupanga rafu za labo ile upya kwa maneno: chupa gani ilikaa wapi, nani alipenda kukaa karibu na sinki. Yeye huanzia mlango wa labo, mimi dirishani. Mara nyingi hatukubaliani.