Mapipa ya Nyuklia na Fatiha Niliyoikataa

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Hoteli niliyokuwa nikitandika vitanda kule Diani ilikosa wageni, nasi tukaambiwa tupumzike nyumbani mpaka tutakapoitwa. Nikarudi kwa mama, ndani kidogo kutoka Ramisi, kupumzika na njaa.

Huko nilikuta habari moja tu. Dalali mmoja, mtu wa bara, alikuwa amemwendea mjomba wangu kutaka kukodi shamba letu la juu, lile lenye kisima tunachokunywa sote. Alitaka kuweka hapo mabaki ya nyuklia, yaani fueli iliyokwisha kutumika katika mitambo ya umeme ya nchi za mbali. Kwetu ardhi ile inafuata upande wa mama, na msemaji wake ni mjomba. Akisema ndiyo, imekuwa ndiyo.

Kijijini kila mtu alishakuwa mtaalamu. Huyu anasema nazi zitawaka taa, yule anasema tutazaa watoto wenye vichwa viwili. Maneno hayo yaliniudhi kwa sababu yalimrahisishia dalali kazi. Alikuwa akicheka tu, na watu wakacheka naye. Nikajiapiza kwamba mimi sitauliza swali la kuchekwa.

Siku ya kikao dalali alikuja na mtaalamu wake, bwana mpole mwenye miwani. Wanaume walikaa mbele kwenye uwanja wa mjomba, sisi wanawake nyuma kwenye majamvi. Yule bwana alieleza vizuri, lazima niseme kweli. Alisema fueli ile hulazwa majini miaka mingi mpaka joto lake lipungue, kisha hutiwa katika mapipa mazito ya chuma yaliyochomelewa, yakazungushiwa zege. Tangu hapo hukaa makavu, hayataki maji wala mashine, hewa tu inayopita kando yake. Alisema kwao yamesimama hivyo na watu wanaishi jirani. Nilimwamini, ila nilibaki na swali langu.

"Samahani, bwana," nikasema kutoka nyuma. "Hewa yetu ina chumvi. Ikilila hilo pipa, nani atakayeona?"

"Kutakuwa na wakaguzi, dada."

"Na kampuni ikifunga?"

Dalali akamdakia. "Hii si kampuni ya kufunga, madam!"

Damu ilinipanda. Pale chini kiwanda cha sukari kilikuwa kimenyamaza miaka kadhaa, mabati yanaliwa na kutu, na nusu ya wanaume waliokaa mbele yangu waliwahi kukikatia miwa.

"Mpwa wangu, mgeni amekwishakujibu," mjomba alisema. "Inatosha."

"Basi wazee," dalali akarukia, "kama hakuna ingine, tufunge na maombi."

Nadhani kanisani kwao maombi hufunga kikao, watu wakaenda kunywa chai. Kwetu Fatiha ikisomwa baada ya maneno ya ardhi au ya ndoa, maneno yamekwisha. Anayeyafufua kesho anaonekana hana dini. Mpaka leo sijui kama dalali alilijua hilo. Mjomba alilijua. Alifungua viganja, na viganja vya uwanja mzima vikafunguka, hata vya mama.

Vyangu nikavikalia.

"Mjomba, mimi sisomi."

"Unakataa Fatiha, wewe?"

"Astaghafirullah, siikatai. Nakataa kumfanya Mwenyezi Mungu shahidi wa jambo ambalo hata mgeni mwenyewe hajui mwisho wake. Tukisoma leo, hatutauliza tena."

Mama aliteremsha mikono, akajifanya anakaza leso yake. Mama mkubwa, dada yake, akafanya vivyo hivyo. Hao ndio ardhi inapita kwao, na bila wao mjomba hana la kusema. Alibaki viganja wazi, hasomi, nami nikamwonea huruma, maana nilimpenda.

Mwishowe akavishusha. "Haya. Wanangu walikuwa wapewe kazi ya kulinda mapipa hayo. Umewakosesha. Utawalisha wewe?"

Hata nauli ya kufika Ukunda sikuwa nayo.

"Nitawalisha," nikasema, mbele ya watu wote.

Dalali hakurudi tena. Mimi nilikwenda kwa miguu na kwa kuomba lifti mpaka Galu, nikapata kazi ya kufua na kupiga pasi katika nyumba za wageni, kazi ambayo zamani ningeikunjia pua. Mwisho wa mwezi nilimpelekea mjomba gunia la unga. Hakunishukuru wala hakunikaripia. Aliliinua kidogo kujua uzito wake, akaniuliza:

"Na mwezi ujao?"

"Na mwezi ujao, mjomba."

"Na ukija kuchoka?"

"Nikichoka utaniona. Mimi si kampuni; niko hapa hapa."